Mtoto kamwambia refa "umepita nje", mimi nikamwambia kauza mechi. Tuongee kuhusu uungwana michezoni

Kocha wa Mchangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi ni mrefu. Mwenye haraka aweke alama arudi usiku.

Nafundisha watoto wa chini ya miaka 15 mtaani kwetu, jioni nne kwa wiki, mshahara sina. Wiki tatu zilizopita tulifika fainali ya kombe la mbuzi. Wanaojua mchangani wanajua mbuzi si nyama tu. Ni heshima ya mtaa, ni picha kwenye magrupu, ni mfadhili kuamua kama mwakani atatoa tena jezi. Mfadhili wetu alikuwa amekaa nyuma yangu kwenye kiti cha plastiki tangu dakika ya kwanza, nikisikia kila anachosema.

Zimebaki dakika chache, 0-0. Mshambuliaji wetu, dogo wa miaka 13, akaachia shuti. Mpira ukapita nje ya nguzo, ukaingilia kwenye tundu la nyavu za pembeni, ukatulia ndani. Refa alikuwa mbali, mshika kibendera kijana wa kuokoteza tu. Filimbi ikalia: goli. Watu wameshaingia uwanjani. Dogo akatembea hadi kwa refa, mikono nyuma, akasema: "Refa, umepita nje." Refa akaenda, akalikuta tundu, akalifuta goli. Tukafungwa kwa penalti. Mbuzi akaenda mtaa wa pili huku analia kama anatucheka.

Kinachoninyima usingizi ni nilichokifanya baada ya hapo. Nilimwita mbele ya wenzake nikamwambia: "Wewe umeuza mechi."

Kuuza mechi! Neno tunalomtupia kipa aliyekula bahasha nimemtupia mtoto aliyesema kweli.

Mnaofuatilia soka la Ujerumani mtakumbuka hili lilishatokea kwa wakubwa. Tarehe 18 Oktoba 2013, Hoffenheim wakicheza na Bayer Leverkusen, Stefan Kießling alipiga kichwa, mpira ukapita nje ya nguzo na kuingia kupitia tundu la nyavu za pembeni. Ukiitazama video utamwona ameshika kichwa kama mtu aliyekosa. Halafu wenzake wakaja kumkumbatia, naye akakumbatika. Goli likahesabiwa, Leverkusen wakashinda 2-1, rufaa ya Hoffenheim ikatupwa. Huyo alikuwa mfungaji bora wa Bundesliga wa msimu uliotangulia, hakuwa na njaa ya goli moja.

Sasa linganisheni mbio mbili. Desemba 2012, mbio za nyika huko Burlada, Hispania. Mkenya Abel Mutai, aliyekuwa ametoka kuchukua shaba ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya London, anaongoza peke yake. Akasimama kama mita kumi kabla ya mstari akidhani amemaliza. Nyuma yake alikuwa Mhispania, Iván Fernández Anaya. Angeweza kumpita. Badala yake akabaki nyuma yake, akamwelekeza kwa ishara aende mbele, kwa kuwa lugha hawakuelewana. Mutai akashinda.

Mbio ya pili ni nusu marathoni ya Beijing, 14 Aprili 2024. Wakenya Robert Keter na Willy Mnangat pamoja na Muethiopia Dejene Hailu wanafika mwisho na Mchina He Jie. Mmoja anamwonyesha kwa mkono apite. He Jie anamaliza kwa saa 1:03:44, wale watatu sekunde moja nyuma yake. Dunia ikachachamaa, uchunguzi ukafanyika, wote wanne wakanyang'anywa medali na fedha.

Kwa macho ni kitendo kilekile: unapunguza mwendo, unamwachia mwenzako apite. Kwa nini kimoja kinatutoa machozi na kingine kinatutia kinyaa? Na dogo wangu yuko upande gani? Karibuni.

Namba Sita (#2)

Mkuu, pole na mbuzi. Ila nitakuwa mkweli: ningekuwa kocha ningesema hivyohivyo, pengine vibaya zaidi.

Refa yupo kwa ajili gani? Kazi ya mchezaji ni kucheza, kazi ya refa ni kuona. Suárez, mshambuliaji wa Uruguay, aliudaka mpira langoni pale Soccer City, Kombe la Dunia, 2 Julai 2010, dakika ya 120, Ghana wakiwa wanaingia nusu fainali. Alipewa kadi nyekundu, Ghana wakapewa penalti, Asamoah Gyan akagonga mwamba, Uruguay wakapita kwa matuta. Sheria imekiukwa, adhabu imetolewa, deni limelipwa. Miaka 12 baadaye huko Qatar wakamuuliza kama ataomba radhi, akakataa: penalti hakukosa yeye. Mimi nilimwelewa.

Halafu huyo Mhispania wako usimpake asali sana. Alihojiwa akasema yeye mwenyewe kwamba kama ingekuwa medali ya dunia au ya Ulaya, anadhani angeitumia nafasi ashinde. Kwa hiyo uungwana una bei, mkuu. Burlada bei ilikuwa ndogo.

Kocha wa Mchangani (#3)

Namba Sita, hilo la mahojiano ni kweli, na ndiyo sababu namwamini. Muungwana anayejua mahali atakapoteleza ananifaa kuliko malaika. Aliongeza pia kwamba hata nafasi ya timu ya taifa kwenda mashindano ya Ulaya isingemfanya ampite Mutai. Kwa hiyo bei ipo, ila si ya rejareja.

Aliyenigusa zaidi katika kisa kile ni kocha wake, Martín Fiz, bingwa wa dunia wa marathoni wa 1995. Alikiri kwamba yeye angeitumia nafasi ile. Akasema kitendo kile kimemfanya kijana wake awe mtu bora, ila si mwanariadha bora. Nilipoisoma nilijiona mimi. Yaani kocha amegawa mtu mafungu mawili: fungu la "mtu" linabaki nyumbani na nguo za kiraia, fungu la "mwanariadha" linavaa viatu.

Kuna watafiti wawili wa Marekani, Brenda Bredemeier na David Shields, waliolichimba jambo hilohilo miaka ya 1980. Waliwapa wanamichezo visa vya kuamua haki na batili, vingine vya maisha ya kawaida na vingine vya uwanjani. Watu walewale walipima mambo kwa upana kwenye maisha, lakini wakifika uwanjani hoja zao zinasinyaa: zinarudi kwenye mimi na timu yangu. Wakasema maadili ya kila siku yanawekwa kwenye mabano mpaka mchezo uishe. Nadhani kila mmoja wetu anamjua mzee wa kanisani au wa msikitini ambaye Jumamosi akikaa jukwaani anamtukana mshika kibendera mama yake. Saa kumi na mbili jioni anarudi kuwa mzee.

Kuhusu "kazi ya refa ni kuona": hiyo ni kauli ya Thierry Henry. Novemba 2009, Ufaransa na Ireland, tiketi ya Kombe la Dunia. Kaushika mpira kwa mkono, kampa mwenzake Gallas, goli. Alipohojiwa akakubali kwamba aliugusa, ila yeye si refa. Naomba tumpe haki yake, kesho kutwa alisema suluhu ya haki ingekuwa mechi irudiwe. Lakini saa ile ya kwanza, dhamiri yake ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine mwenye filimbi.

Mkimbiaji wa Bonde la Ufa (#4)

Hamjambo ndugu zangu wa huko. Mimi ni Mkenya, nilikimbia kitaaluma miaka kadhaa, sasa nimestaafu na nafuga ng'ombe. Nimeusoma uzi wote na nataka kuwatetea vijana wetu wa Beijing kidogo, kisha niwalaumu.

Mweka kasi ni kazi halali. Unalipwa ukimbie mwendo fulani hadi kilomita fulani, unamkata mtu upepo, ukimaliza kazi unatoka barabarani. Ukiwa na nguvu unaruhusiwa kuendelea, na kuna waliokuja kuweka kasi wakaishia kushinda. Mnangat alieleza BBC kwamba waliajiriwa wamsaidie He Jie avunje rekodi ya China. Kwa hiyo yeye akilini mwake hakumwachia mtu ushindi, alikuwa kazini. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeuambia umma. Uchunguzi ulionyesha waliletwa na mdhamini na hawakutambulishwa kama waweka kasi, na kwenye matokeo wamo kama washindani. Mdhamini ana kipande cha kosa, waandaaji wana kipande, wakimbiaji wana kipande. Kosa likigawanywa hivyo kila mtu anaona chake ni chembe, analala nacho bila shida.

Mwalimu, hiyo ndiyo tofauti yako. Yule wa Burlada alikuwa anarudisha ukweli mahali pake: Mutai ndiye aliyekuwa mbele. Wale wa Beijing walikuwa wanatengeneza ukweli ambao haukuwapo. Na mtoto wako ni wa Burlada. Mpira ulipita nje.

Sasa la pufya, yaani dawa haramu za kuongeza nguvu, maana najua mtalileta. Nimeishi kambini. Hakuna aliyeniambia "nataka kuiba." Nilisikia "nataka kupona haraka", "daktari amesema ni ya kuongeza damu", "wote walio mbele yangu wanatumia", "wale wa Ulaya wana maabara, sisi tuna duka la dawa." Rita Jeptoo, Jemima Sumgong aliyekuwa bingwa wa Olimpiki, Asbel Kiprop bingwa wa dunia mara tatu, wote walipatikana na EPO, dawa ya kuongeza damu. Wilson Kipsang yeye hakupatikana na dawa mwilini. Alifungiwa miaka minne mwaka 2020 kwa kukosekana alikosema atapatikana wakati wapimaji wakija, na kwa kujitetea kwa ushahidi wa uongo, ikiwemo picha ya ajali ya barabarani ambayo haikuwa ya siku ile. Mtu aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni! Alikuwa na mali, alikuwa na jina. Kwa hiyo msiniambie ni njaa tu.

Mwalimu Mkuu Msaidizi (#5)

Nimecheka kwa uchungu hapo kwenye "wote wanatumia". Mimi nimesimamia michezo ya shule zaidi ya miaka kumi, UMITASHUMTA ya shule za msingi na baadaye UMISSETA ya sekondari. Huku dawa hatuna, tuna mamluki.

Kwa wasiojua: mamluki ni mchezaji asiye mwanafunzi wa shule yako, au aliyemaliza shule zamani, anavaa sare yako kwa wiki moja ya mashindano. Na ndugu yake ni kijeba, mtu mzima mwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Niliwahi kuhojiana na "mwanafunzi wa kidato cha pili" ambaye alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda kumwona mkewe aliyejifungua. Wallahi.

Angalieni maneno tunayotumia kikaoni. Hakuna anayesema tudanganye. Tunasema "tuiongezee timu nguvu", "tuimarishe kikosi", "wenzetu wa wilaya ya jirani wamejipanga". Halafu mkubwa anasema "fikirieni jina la shule", na wote tunatikisa vichwa. Nimetikisa mimi pia, sijioni msafi.

Na taifa lina somo lake. Mwaka 2005 Serengeti Boys walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za vijana wa chini ya miaka 17, wakaondolewa kwa kumchezesha aliyezidi umri. Tukalia kwamba tumeonewa. Mwaka 2017 Kongo Brazzaville walikuwa wametutoa, kisha wakaenguliwa kwa sababu mchezaji wao tuliyemtilia shaka hakufika kupimwa umri. Sisi tukaingia, tukaenda Gabon. Safari hii tukasema haki imetendeka. Haki ni ileile, tulichobadilisha ni upande tuliokaa.

Kipimo chenyewe, kwa faida ya wengi: wanapiga picha ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI na kuangalia kama mfupa umeshaungana kabisa. FIFA walianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana la 2009 kule Nigeria. Cheti unaweza kukipata kwa shemeji yako ofisini, mfupa hauna shemeji.

Kocha wa Mchangani (#6)

Mwalimu, hapo kwenye maneno umegusa kidonda nilichokuwa nakizunguka.

Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyefariki 2021, alitumia miaka mingi kuuliza swali moja: mtu mwema anafanyaje ubaya na bado anajiona mwema? Jibu lake ni kwamba dhamiri haifi, inalazwa. Akataja njia nane za kuilaza. Sitaziandika zote, kwa sababu karibu zote mmeshazisema humu bila kujua. Kumwachia refa dhambi ndiyo Henry. Kugawana kosa mpaka libaki chembe ndiyo Beijing. "Wenzetu wanafanya makubwa zaidi" ndiyo kambi ya dada yetu Mkimbiaji.

Ila njia ninayoiona hatari kuliko zote ni ya kubatiza kosa jina zuri. Maradona, 22 Juni 1986, uwanja wa Azteca, kaupiga mpira ngumi mbele ya kipa wa Uingereza. Baadaye akaleta ule utani wa mkono wa Mungu. Tangu hapo hakuna anayeita lile kosa kosa. Limekuwa mchoro ukutani. Sisi nasi tuna kamusi yetu: kuua muda ni "uzoefu", kujiangusha ni "ujanja", kuharibu mipango ya mpinzani hotelini ni "figisu", na yule anayekwenda kwa mganga usiku wa mechi yupo "kamati ya ufundi". Jina likishakuwa la kuchekesha, mtu haoni aibu kulitamka.

Sasa kamusi ikishakufundisha kuuita uongo ujanja, huchelewi kuuita ukweli usaliti. Nilichomwambia yule mtoto, "umeuza mechi", ni kamusi hiyohiyo imegeuzwa. Sikulitunga. Lilikuwa tayari mdomoni, nililipata mahali nilipojifunza mpira.

Kuna watafiti wa Uingereza, Ian Boardley na Maria Kavussanu, walioyaleta mawazo ya Bandura michezoni kwa kutengeneza maswali ya kupimia wachezaji. Kitu kimoja katika kazi zao kilinishtua: wanatenganisha wema kwa wenzako wa timu na wema kwa wapinzani, kwa sababu havifuatani. Mtu anaweza kumpenda mwenzake mpaka akamvunja mpinzani mguu kwa ajili yake. Mimi miaka yote nahubiri upendo ndani ya timu nikidhani nafundisha uungwana.

Namba Sita (#7)

Sawa, profesa wa mchangani. Umeeleza watu wanavyojisamehe. Hujaeleza kwa nini dogo hakujisamehe. Wote mna refa yuleyule, tundu lilelile, mbuzi yuleyule. Yeye kasema, Kießling kanyamaza, na mimi ningenyamaza. Kwa nini?

Kocha wa Mchangani (#8)

Nimelala na swali lako, mkuu. Nina nusu ya jibu.

Miaka ya mwanzo ya 1970 mwanasaikolojia Edward Deci aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya vipande vya kupanga maumbo. Kundi moja likalipwa dola moja kwa kila umbo, jingine halikulipwa. Kisha malipo yakaondolewa, akawa anawaacha peke yao chumbani na kuwachungulia. Waliowahi kulipwa waliyaacha mafumbo mapema zaidi. Mchezo ulikuwa umegeuka kibarua, na kibarua bila ujira nani anakifanya? Yeye na Richard Ryan wakajenga juu ya hapo nadharia nzima ya msukumo: kuna anayecheza kwa kuwa mchezo ni wake, na kuna anayecheza kwa kuwa kuna fimbo au karoti nje yake.

Mwaka 2011 watafiti Ken Hodge na Chris Lonsdale wakaunganisha vipande. Wanamichezo ambao kocha wao anawabana, anawatishia, anawapenda wakishinda tu, walicheza kwa msukumo wa nje. Na kadiri walivyocheza hivyo ndivyo walivyokuwa hodari wa kuilaza dhamiri, na ndivyo walivyowachezea wengine vibaya. Ni uhusiano tu kwenye takwimu, haithibitishi kwamba kocha ndiye chanzo. Ila mimi nilipoisoma nilihisi kiti cha plastiki nyuma ya mgongo wangu.

Kwa sababu angalia mnyororo. Mfadhili ananibana mimi: hakuna kombe, hakuna jezi. Mimi nawabana watoto: anayekosa goli anakimbia raundi kumi. Watoto wanambana refa. Yule dogo alikuwa mgeni. Alihamia mtaani kwetu mwezi ule. Alikuwa bado hajafungwa kwenye mnyororo, alikuwa anapiga mpira tu kwa kuwa anapenda kupiga mpira, na aliyepiga shuti anajua kuliko mtu yeyote kwamba lilipita nje. Goli la uongo lingemfaa nini? Halikumwambia kama shuti lake ni zuri.

Mzee wa Mbulu (#9)

Nimekuwa msomaji tu, hapa naomba nipinge kidogo.

Mnaongea kana kwamba msukumo ukitoka nje ni mchafu na ukitoka ndani ni safi. Mimi ni wa Mbulu, anakotoka John Stephen Akhwari. Mexico, Oktoba 1968, marathoni ya Olimpiki, kaanguka, goti limetoka mahali pake, wameanza 75. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa nzima iliyopita, jua limezama, watu wanaondoka uwanjani, ndipo akaingia amefungwa bendeji anachechemea. Wa 57 na wa mwisho. Walipomuuliza kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kuanza mbio, ilimtuma kumaliza.

Huo ni msukumo wa wapi? Katumwa. Nchi iko nje yake. Na hakuna medali, hakuna bahasha, hakuna aliyemshika fimbo. Kwa hiyo nchi inaweza kumsukuma mtu akadanganya umri, na nchi hiyohiyo ikamsukuma mtu akamaliza mbio na goti bovu. Hebu nifafanulieni hapo.

Kocha wa Mchangani (#10)

Shikamoo mzee. Hapo umenibana pazuri, na nashukuru.

Deci na Ryan wenyewe hawakuishia kwenye ndani na nje. Walisema jambo linaweza kuanza nje, likaja likawa lako kabisa, ukalitaka kwa moyo wako hata kama hulifurahii. Goti lililotoka halimfurahishi mtu. Lakini kwa Akhwari kutumwa kulishakuwa sehemu yake, hakukimbia ili asigombezwe. Yule kijeba mwenye mke aliyejifungua, jina la shule halikuwa lake hata kidogo. Aliazimwa sare.

Tena kuna jambo la kipimo. Mtafiti Nicholls, na baada yake Joan Duda, waliwagawa wanamichezo kwa namna wanavyojua kwamba wamefaulu. Mmoja anajipima kwa alivyokuwa jana na kwa kazi iliyo mbele yake. Mwingine anajipima kwa kumzidi aliye pembeni. Huyu wa pili, tafiti nyingi zinaonyesha, ndiye anayeona udanganyifu ni sehemu ya mchezo, na ina mantiki: kama kufaulu ni kumzidi jirani, kumchomea jirani nyumba kunahesabika. Akhwari hakuwa na mtu wa kumzidi. Alibaki na kilomita zake tu.

Mkimbiaji wa Bonde la Ufa (#11)

Na niongeze kutoka barabarani, si vitabuni. Wengi wetu tuna vyote viwili kifuani. Asubuhi saa kumi na moja, baridi, ukungu, unakimbia na hakuna anayekuona: hapo unapenda. Jioni simu inaita, karo ya mdogo wako, shamba linauzwa na mwenye nalo hasubiri: hapo unaogopa. Ni mtu mmoja. Anayekuuzia dawa haji asubuhi. Anakuja jioni.

Mwalimu Mkuu Msaidizi (#12)

Dada, nimeinakili hiyo nitawasomea walimu wangu wa michezo.

Mleta uzi, hujatuambia. Mtoto yuko wapi?

Kocha wa Mchangani (#13)

Alikaa wiki mbili bila kuja mazoezini. Jumatatu nilienda kwao. Mama yake alinikaribisha chai, hakunitazama sana usoni. Nikaomba aje kesho yake, na Jumanne, mbele ya watoto walewale niliomwaibishia, nikasema nilikosea, hakuuza mechi, aliyeitaka kuiuza ni mimi. Nilitarajia sijui nini. Machozi labda. Wenzake walikuwa wanatazama chini, mmoja anajikuna.

Yeye akasema "Sawa, Mwalimu." Kisha akauliza: "Lile tundu wameziba?"

Halijazibwa. Na jana mfadhili kapiga simu. Amesikia kwamba nimemwomba mtoto radhi hadharani, anaona namdhalilisha yeye. Anataka dogo asipangwe tena, la sivyo tumrudishie jezi zake 14. Nimemwambia nitampigia. Sijapiga.

Namba Sita (#14)

Mkuu, msimamo wangu ni uleule. Ningekuwa mimi ningenyamaza, ningekula mbuzi, na ningelala vizuri tu. Usidhani umenibadilisha.

Ila mimi ni wa Bagamoyo, wajomba zangu ni wavuvi, sindano na kamba ya kushonea nyavu ninayo ndani. Jumamosi sina kazi. Uwanja wenu uko upande gani, na jezi 14 za watoto siku hizi wanauza bei gani?